Paa linavuja kwenye msumari: kutafuta chanzo na kutengeneza bati za nyumba za Tanga

Mvua ya kwanza ya masika ikigonga bati, ndoo zinatolewa stoo na simu za mafundi zinaanza kuita. Malalamiko ni yaleyale, iwe Sahare, Makorora au Pongwe: maji yanadondoka sehemu moja sebuleni, kuna duara jekundu kuzunguka kila msumari, bati la pembeni linapiga kelele upepo ukivuma. Mara nyingi bati lenyewe ni zima. Kilichokufa ni kile kinacholishika: msumari, raba yake, tundu lake, au papi, ile mbao iliyolala chini ya bati. Anayekimbilia kopo la lami kabla hajajua kipi kati ya vinne hivyo kimekufa, atapaka mwaka huu na kupaka tena mwakani.

Pwani ina adui wake. Pepo za kusi na kaskazi zote huingia Tanga zikitokea baharini, na zote hubeba chumvi. Msumari ambao Korogwe ungekaa miaka mingi bila shida, Raskazone, ufukweni, unageuka unga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya yaliyoandikwa hapa yanahusu kutu, hata pale tatizo linapoonekana kuwa la maji.

Kabla ya kuweka ngazi

Kuna hali nne ambazo humaliza habari hapohapo, usipande.

Kwanza, paa la saruji ya asbesto: yale mabamba ya kijivu, mazito, yenye migongo mipana, yaliyo kwenye nyumba nyingi za zamani za idara na mashirika. Usitoboe, usikate, usisugue, usivunje. Vumbi lake huingia kwenye mapafu na halitoki. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa na sehemu halali ya kutupa mabamba. Tena asbesto iliyozeeka haibebi uzito wa mtu, inakatika ghafla.

Pili, waya wa umeme unaoingia nyumbani ukipita juu ya bati au kuligusa. Ukishika bati ukahisi mtetemo au kuchonyota kidogo, shuka, zima swichi kuu, piga simu TANESCO. Hata nyumba ikizimwa, waya unaotoka kwenye nguzo bado una moto.

Tatu, paa lililobonyea katikati au lenye mstari wa kofia (bati linalofunika kilele) uliopinda. Hilo ni tatizo la kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, si la msumari.

Nne, bati lenye maji au umande. Subiri likauke. Ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi. Bati la geji 30 ukilikanyaga katikati ya mapapi hubonyea, na mbonyeo huo huwa bwawa.

Maji yanadondoka mvua inaponyesha

Kwanza tafuta tundu halisi. Doa la dari halikuonyeshi tundu lilipo. Maji huingia juu, hutambaa chini ya bati au juu ya papi, kisha hudondoka mita moja au mbili mbele. Mtu mmoja aingie darini na tochi mchana, azime tochi na kutazama matundu yanayopitisha mwanga. Kama hayaonekani, mwingine apande na mpira wa maji. Amwagilie kuanzia chini ya paa, mstari mmoja wa misumari kwa dakika tano hivi, ndipo apande mstari unaofuata. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kila msumari unaovuja uwekewe alama ya chaki.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni raba iliyokufa. Jua huikausha, ikapasuka kama udongo wa mbuga. Ibonyeze kwa ukucha: nzima hurudi, iliyokufa huvunjika au haibonyei kabisa. Dawa ni kung'oa msumari na kuweka skrubu yenye washa na raba mpya ya EPDM (raba ya sintetiki), nene kidogo kuliko msumari uliotoka, ili ipate mbao mpya ya kuuma. Kupaka silikoni juu ya raba iliyokufa hakusaidii kwa muda mrefu, kwa sababu bati hutanuka na kusinyaa kila siku na silikoni hiyo huachia.

Sababu ya pili ni msumari uliopigwa kwa hasira. Mgongo umebonyea, pembeni ya kichwa pamekuwa kijisahani, maji yanatuama na kutafuta njia. Ukiweka jicho usawa wa bati utayaona mabonde hayo kwenye mstari mzima, kwani fundi aliyekosea msumari mmoja kwa kawaida amekosea yote ya siku hiyo. Ng'oa, nyanyua mgongo kwa kuusukuma taratibu kutoka chini kama darini panafikika, kisha funga skrubu yenye washa pana ya milimita 25 au zaidi. Raba inatakiwa ibanwe mpaka ichungulie kidogo tu ukingoni mwa washa. Ikitoka nje kama ulimi, umepita kiasi. Ikiwa washa bado inazungushika kwa vidole, hujafika.

Ya tatu: msumari umepigwa bondeni badala ya mgongoni. Paa la bati hupitisha maji bondeni, kwa hiyo msumari wa hapo unakaa mtoni. Hakuna raba inayovumilia hilo kwa miaka. Uondoe, funga mgongo ulio jirani, na tundu la bondeni lifunikwe kwa kipande cha bati la aina ileile chenye mkunjo uleule. Kipande kizidi tundu kwa sentimita tano kila upande, kishikwe kwa ripiti (riveti) nne, na chini yake kuwe na silikoni isiyo ya asidi. Ya asidi utaijua kwa harufu ya siki inapokauka. Hiyo hula zinki, usiiweke kwenye bati popote.

Ya nne ni msumari uliokosa papi. Darini utauona unaning'inia kama popo. Haushiki kitu, na bati likitikisika tundu linazidi kupanuka. Ng'oa, ziba kwa ripiti ya mabati yenye silikoni, au kwa kipande kama tundu limeshakuwa refu. Kisha vuta kamba kutoka papi hadi papi na ufunge mahali sahihi.

Kama misumari yote ni mizima na bado maji yanaingia, tazama mpishano, pale bati moja linapolalia jingine. Bati la migongo midogo linahitaji kupishana mgongo mmoja na nusu kwa upande, na sentimita 15 kwa urefu pale mteremko unapofika nyuzi 15. Mteremko ukiwa mlalo kuliko hapo, sentimita 20 hadi 23. Mafundi wengi hubana mpishano ili kuokoa bati moja. Na mpishano wa pembeni uelekee kinyume cha upepo wa mvua: unaanza kuezeka upande ambao upepo unaelekea, kila bati jipya likilalia lililotangulia, ili ukingo ulio wazi uupe upepo mgongo. Kwa Tanga, mvua nzito za masika huja na kusi, kwa hiyo unaanzia kaskazini.

Kung'oa msumari bila kuharibu: usiegemeze nyundo ya kucha kwenye mgongo mtupu. Weka kibao kinachokaa juu ya migongo miwili, egemea hapo. Kichwa kikikatika kwa kutu, usichimbe. Kipigilie kipingili kilichobaki kiingie kwenye mbao, sogeza skrubu mpya sentimita mbili kando kwenye mgongo uleule, kisha ziba tundu la zamani.

Matone alfajiri bila mvua

Huo ni umande. Bati hupoa usiku, hewa ya darini yenye unyevu huligusa na kugeuka maji. Usiguse msumari hata mmoja. Fungua njia ya hewa kwenye miisho ya paa, na uangalie kama jiko au bafu linatolea mvuke wake darini.

Duara la kutu kuzunguka msumari

Ukiona hili, jiulize kwanza kinachooza ni nini. Sugua kichwa cha msumari kwa kitambaa kikavu. Kama bati chini ya kutu bado linang'aa, kutu imetiririka kutoka kwenye msumari na bati liko salama kwa sasa. Kama bati limekuwa na vipele na mashimo madogo, ugonjwa umehamia.

Chanzo kikuu Tanga ni misumari iliyopakwa zinki nyembamba ya umeme. Dukani inavutia, inang'aa kama vijiko vya harusi. Zinki yake huwa mikroni 5 hadi 12 hivi. Msumari uliochovywa kwenye zinki ya moto hauvutii: ni wa kijivu, umefubaa, una mikwaruzo na matone, na zinki yake ni nene mara kadhaa. Kwa pwani nunua huo wenye sura mbaya. Kwa skrubu, tafuta zenye maandishi ya daraja la 3 au la 4 kwa kipimo cha Australia. La 4 ndilo la mazingira ya bahari, na nyumba za Raskazone, Mwambani na Chongoleani zinazoitazama bahari hazipaswi kupewa chini ya hapo. Skrubu za njano zinazong'aa ni za kabati la ndani. Juu ya paa la ufukweni hizo ni waja leo waondoka leo.

Hakuna kipimo cha maabara mtaani, lakini kuna glasi. Tumbukiza misumari mitatu ya aina tofauti kwenye maji ya bahari, itoe ikauke mchana, irudishe usiku, kwa wiki moja. Haitakuambia msumari utaishi miaka mingapi. Itakuambia upi wa kuutupa.

Chanzo cha pili ni metali zisizopatana. Mtu amesikia stenlesi haishiki kutu, akafunga skrubu za stenlesi kwenye bati la zinki. Kweli skrubu hazikushika kutu, lakini bati lililozizunguka ndilo lililoliwa, maana chumvi na unyevu vikikutanisha metali mbili, dhaifu huyeyuka kumlinda mwenye nguvu. Shaba ni mbaya zaidi, wala haihitaji kugusa bati: bomba la shaba la kiyoyozi likidondosha maji yake juu ya paa, mstari wa maji hayo utatoboka. Sogeza bomba, au peleka maji kwa mpira wa plastiki hadi chini. Kwa bati za aluzinki (mpako wake ni alumini asilimia 55, karibu yote inayobaki ni zinki) epuka pia metali ya risasi na matone ya saruji mbichi. Fundi anayepiga plasta juu ya ukuta wa kingo amwage maji mara moja saruji ikidondokea bati.

Tatu, raba za kukata kutoka kwenye tairi. Zinapendwa kwa kuwa ni za bure. Tairi lina kaboni nyingi, na kaboni hupitisha umeme mdogo ule unaolisha kutu. Raba hiyo basi huziba maji huku ikiotesha kutu chini yake. Nunua raba za kuezekea.

Nne, vumbi la grainda. Cheche zinazoruka wakati wa kukata bati ni chembe za chuma tupu. Zinanata juu ya rangi na kesho yake paa lina madoa ya chai. Ukingo uliokatwa kwa grainda nao umeungua na mpako wake umekwenda. Tumia mkasi wa bati. Kama imelazimu grainda, kata chini, mbali na paa, na ufagie bati zote siku hiyohiyo, pamoja na vumbi la drili kwenye kila skrubu.

Tano, mbao zilizotiwa dawa yenye shaba. Ni nzuri dhidi ya mchwa, lakini zikiwa bado mbichi zinakula zinki ya msumari na ya bati linalolalia juu yake. Ziache zikauke kabisa kabla ya kuezeka.

Jambo moja huwashangaza watu: kutu haianzi juu ya paa, inaanza kwenye miisho, chini ya ukingo, nyuma ya gata, mahali mvua isikofika. Mvua huosha chumvi. Pasipooshwa, chumvi hujikusanya. Osha sehemu hizo kwa maji ya bomba au kisima kisicho na chumvi, walau mara mbili kwa mwaka, hasa kiangazi cha Januari na Februari.

Matengenezo. Msumari ukiwa umeoza na bati ni zima: badilisha msumari, safisha duara kwa brashi laini, paka praima ya zinki na rangi. Usitumie brashi ya waya kwenye bati lenye rangi, utaondoa mpako uliobaki. Bati likiwa na vipele lakini halijatoboka, fanya vilevile na uongeze washa pana inayofunika eneo lote lililoliwa. Likiwa limetoboka kwenye misumari mingi ya mstari mmoja, badilisha bati. Kubandika viraka kumi na tano ni kazi ya mshahara wa siku mbili kwa paa la mwaka mmoja.

Misumari inanyanyuka yenyewe

Mwaka jana ilikuwa imebana, leo vichwa vimesimama milimita tano juu ya bati. Watu husema upepo umevuta. Upepo una mkono, ila mwenye kosa zaidi ni mbao mbichi. Paina inayoshuka kutoka milima ya Lushoto mara nyingi inaezekwa ikiwa bado na maji. Ikikauka inasinyaa, inaachia mwili wa msumari, na joto la mchana humalizia. Bati la mita sita likipata moto likapanda nyuzi 40 kutoka baridi ya alfajiri, hurefuka karibu milimita 3. Kila siku linavuta, kila usiku linarudi.

Kosa la pili ni mwili laini. Msumari wa bati uliosokotwa hushika zaidi ya ulionyooka. Kosa la tatu ni urefu. Hesabu yake ni hii: kimo cha mgongo wa bati, ongeza milimita 3 za bati na raba, ongeza milimita 40 za kuingia kwenye mbao. Bati la migongo midogo lenye mgongo wa milimita 18 linataka jumla ya 61, kwa hiyo msumari wa inchi mbili na nusu unatosha. Kwa bati la msauzi, lile la migongo mikubwa, pima kimo cha mgongo wake kwa rula. Ukiwa milimita 35, jumla ni 78, msumari wa inchi tatu haufiki. Hapo tumia skrubu ya milimita 75, kwani skrubu ikiingia kwenye mbao milimita 30 tayari inashika kuliko msumari.

Usirudishe msumari uliotoka kwa kuugonga. Tundu lake limeshalegea, utatoka tena kabla ya vuli. Weka skrubu nene zaidi kwenye tundu hilohilo. Kwa mapapi ya mikoko, mvule au mbao nyingine ngumu, tanguliza tundu kwa ncha ya drili iliyo nyembamba kuliko skrubu, la sivyo papi itapasuka kwa urefu, na papi iliyopasuka haishiki chochote.

Simama ikiwa bisibisi ya kawaida inazama sentimita moja kwenye papi kwa kusukuma mkono tu. Hiyo imeoza au imeliwa na mchwa. Papi moja unaweza kuongezewa nyingine ubavuni. Mapapi matatu au kenchi, ita fundi wa mbao na utoe bati.

Skrubu inazunguka bila kukaza

Sababu ni tatu, na karibu zote zinatoka kwenye drili. Kasi kubwa mno imesaga tundu: tumia drili yenye kilachi, iwekee nguvu ndogo kwanza, ongeza polepole, na achana na ile inayopiga mishindo. Soketi ya milimita 8 iliyokwisha nayo hukwangua kichwa na kuondoa mpako, na kichwa kilichokwanguka kitakuwa chekundu ndani ya miezi. Au skrubu ni ya chuma imefungwa kwenye mbao: yenye ncha kama ya drili na nyuzi za karibukaribu ni ya mapapi ya chuma, yenye ncha kali na nyuzi za mbalimbali ni ya mbao. Duka la rejareja huchanganya kwenye ndoo moja. Chambua kabla hujapanda.

Bati linapiga makofi, au limekwenda na upepo

Hili ndilo la kusoma kwa makini, maana jibu liko kwenye kilichobaki juu. Tazama mahali palipokatika.

Misumari imebaki kwenye mapapi, bati limechanika na kuondoka: vichwa vilikuwa vidogo au misumari michache. Ongeza idadi na washa pana.

Bati limeondoka na misumari yake: misumari mifupi, laini, au mbao iliyochoka. Funga kwa skrubu.

Bati limeondoka na papi yake: hapo aliyefunga bati alifanya kazi nzuri. Kosa liko kati ya papi na kenchi, ambako kulikuwa na msumari mmoja wa inchi nne kwa kila makutano. Weka ukanda wa chuma ulioviringishwa juu ya papi na kupigiliwa pande zote za kenchi.

Kenchi zimenyanyuka: ubao wa juu ya ukuta haukufungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa ukutani. Hapa msumari wa bati hauna habari. Ita mhandisi au fundi mkuu. Kuongeza misumari juu ya paa ambalo halikufungwa ukutani ni kutengeneza tanga la jahazi lililo imara.

Idadi inayofaa kwa bati la migongo midogo la mita 3 lenye mapapi manne: papi ya chini na ya juu, funga kila baada ya mgongo mmoja, yaani misumari mitano kila moja. Mapapi mawili ya kati, kila mgongo wa tatu, mitatu kila moja. Jumla ni 16. Kwenye ukingo wa chini, pembe za paa na bati la mwisho la kila upande, funga kila mgongo, kwa sababu upepo hunyonya zaidi pembezoni. Fundi anayeweka misumari nane kwa bati zima hakudanganyi mchana wa leo. Atakudanganya kusi ikianza. Vimbunga ni nadra pwani hii, lakini vipo: kile cha 1872 kiliipiga Unguja na Bagamoyo, na Hidaya ilipiga pwani ya Tanzania Mei 2024.

Ukisikia bati linapiga makofi usiku wa upepo, usipande usiku huo. Toa watu kwenye chumba kilicho chini yake, subiri kutulie.

Paa linalia alasiri

Milio ya tak-tak jua likichwa ni bati kusinyaa. Si hatari. Ikizidi, legeza skrubu zilizokazwa kupita kiasi katikati ya bati refu. Basi.

Maji kwenye kofia ya paa

Kofia hushikwa kwa misumari mirefu kuliko ya bati, kwani inapita matabaka mawili. Wengi hutumia ileile iliyobaki. Angalia pia kama kofia imelala juu ya bati kwa sentimita 15 walau kila upande, na kama vipande vyake vinapishana kwa kuupa mgongo upepo wa kusi. Chini ya kofia, mwisho wa bati ukunjwe juu kidogo kwa koleo ili maji yanayosukumwa na upepo yasipande. Kazi ya dakika chache, na inaachwa na karibu kila mtu.

Kwa wenye vigae vya lami

Vipo kwenye nyumba chache za kisasa na hoteli za ufukweni, na mafundi wengi huvifunga kwa mazoea ya bati. Kigae hakitaki raba wala skrubu. Kinataka msumari wa zinki ya moto wenye kichwa bapa cha milimita 9.5 au zaidi na mwili wa geji 12, unaoingia milimita 19 kwenye mbao. Plaiwudi ikiwa nyembamba kuliko hapo, ncha itokeze chini kwa milimita 3.

Vigae vinapeperuka: hesabu misumari. Minne kwa kigae ni ya mahali patulivu, ufukweni ni sita. Kisha angalia mstari. Kiwandani kigae huchorwa mstari wa kupigilia, na msumari uliopigwa juu ya mstari huo hukosa kichwa cha kigae cha chini, kwa hiyo kila kigae kinashikwa na nusu ya misumari iliyokusudiwa. Misumari ya mwisho ikae milimita 25 kutoka ukingoni.

Kigae kina uvimbe mdogo: chini kuna msumari uliosimama au uliopinda, na gundi ya kigae cha juu haikushika. Kigae kimekatika kwa duara: msumari umezama. Kichwa kinatakiwa kulala sawa na uso wa kigae, kikiugusa tu. Bunduki ya upepo ya kupigilia misumari huzamisha kirahisi mchana, lami ikiwa laini, kwa hiyo punguza mgandamizo wake au pigilia kwa nyundo.

Kubadilisha kigae kimoja, fanya alfajiri kabla gundi haijalainika. Achanisha kwa bapa la chuma kigae hicho na vilivyo juu yake, ng'oa misumari yake, kisha ng'oa pia ile ya safu ya juu inayopita kwenye kichwa chake. Ingiza kipya, pigilia, rudisha misumari ya safu ya juu, na weka tone la lami ya kubandikia chini ya kila ulimi ulioachanisha.

Mteremko ukiwa chini ya nyuzi 9.5, hakuna msumari utakaookoa vigae hivyo. Kati ya hapo na nyuzi 18 vinahitaji karatasi ya chini ya matabaka mawili. Kama paa lako liko chini ya nyuzi 9.5 na linavuja, acha kutafuta msumari mbovu. Liezekwe upya kwa kitu kingine.